Usiseme, Ulimi Utakula

Tangu isha sijatia kitu mdomoni,
hata kahawa chungu, hata kokwa ya tende.
Mwanangu Muhenna kanileta kutoka Mabela,
redio kaizima, macho barabarani,
na mimi, mjane wa mpika halwa,
naenda kupimwa kwa sukari.

Wakanitoboa kidole. Tano nukta nne.
"Vizuri," kasema binti. Jina lake Asila,
bibi yake wa Bujumbura; Kiswahili chake kina kona
ambazo changu hakina, lakini tunafahamiana.
Sindano kaileta ndani ya ala ya risasi,
kaibeba kama mtu aliyeshika kaa la buhuri.
"Hii ni sukari, bibi, tumeibadili kiungo kimoja tu.
Seli zitaifungulia mlango kama ile ya kila siku,
zikishaiingiza hazijui kuivunja.
Inabaki humo, inawaka,
sisi tunaiona toka nje. Hakuna kisu."

Nikacheka moyoni. Mgeni asiyelika!
Marehemu Zahran, saa mbili mkono hausimami
juu ya sufuria la shaba kule Barka,
akisema sukari haina siri,
ipe moto tu, itakutolea yote.

"Sasa saa nzima, bibi. Usisome. Usitafune.
Usichezee vidole. Na usiseme:
ulimi ukisema unakula,
tutaona ulimi badala ya ugonjwa."
Akanifunika mablanketi mawili.
Ukisikia baridi, anasema, kuna mafuta shingoni
huamka kula ili yakupashe.
Nje nyuzi arubaini na tatu,
ndani mimi nafunikwa nisitetemeke.
Taa ikazimwa.

Kunyamaza si kazi ndogo kwa mtu wa Wete.
Kikulacho ki nguoni mwako; nguo wameshanivua,
wamenipa gauni la kufungia mgongoni,
basi ki wapi?
Nikawahesabu wanaokula ndani yangu.
Moyo, huyo ana haki yake.
Ubongo, mlafi, hata ukilala haachi sahani.
Na yule mwingine, aliyekuja na kikohozi tangu Rajab,
anayekaa kitako bila kukaribishwa
na kunyoosha mkono bila kunawa.

Ndipo ikapita chini ya mlango:
zaafarani, hiliki, samli.
Huko ukumbini mtu kafungua bakuli,
labda mwenzao kapata mtoto.
Nami, Mungu anisamehe, nikasikia sauti,
kumbe ni yangu:
"Zahran, punguza moto."

Mashine wanaiita peti; mimi nilisikia pete.
Na kweli ni pete, ya kidole cha jitu,
kitanda kikanisukuma humo kidogo kidogo,
shingo, kifua, tumbo,
nikavishwa mara ya pili, sijui na nani.

Daktari Shinuna akanionyesha picha:
mimi, kivuli cheupe chenye madoa.
Kichwa cheusi tii. Kibofu cheusi.
Moyo kama kwato.
Kalamu ikasimama kooni, kwenye vijistari viwili.
"Ulisema?"
"Nilisema."
"Sana?"
"Maneno matatu."
Akatabasamu. "Basi haya si ugonjwa."
Kalamu ikashuka, ubavu wa kushoto,
palipo na doa dogo kama punje ya hiliki.
"Na hapo?" nikauliza.
Akakawia.
"Hapo hukusema wewe."

Jumanne watanipigia simu.
Nyumbani mjukuu kaninyooshea mikono, nikakataa
mpaka magharibi: hii sukari hufa nusu nusu,
kila saa mbili kasoro dakika kumi, kasema Asila.
Nikakaa upande wa pili wa sebule
nikimchekea kwa mbali kama jirani.
Mkwe wangu akaniletea kibakuli cha halwa,
ya dukani, nzito, imezidishwa wanga.
Nikamega kwa vidole vitatu.
Nikala taratibu, na njaa yangu ya tangu jana,
wala sijui nimemlisha nani.